Chomoa Plagi Kabla Mvua Haijafika

Asubuhi Kakamega huwa na jua. Mchana upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea miinuko ya Nandi, hukutana na ule wa mashariki, na ikifika alasiri mawingu meusi yameshatanda juu ya msitu. Anayeishi Shinyalu au Lurambi anajua kinachofuata.

Radi haihitaji kupiga paa lako ili iue runinga yako. Ikipiga nguzo ya stima mbali na kwako, au hata kando ya laini, msukumo wake hufuata waya hadi ndani ya nyumba. Stima yetu ni ya volti 240. Msukumo huo unaweza kufika maelfu ya volti na kupita hata kabla fyuzi haijakatika.

Basi chomoa plagi. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi: pengo lililo ndani yake ni la milimita chache, nayo radi imeshavuka kilomita kadhaa za hewa. Chomoa pia waya wa dishi au antena nyuma ya runinga, na ule wa intaneti. Hapa ndipo wengi hujisahau, wakabaki wakishangaa runinga imeunguaje ilhali plagi ilikuwa sakafuni.

Fanya hivyo mapema. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na kuanzia hapo usishike plagi wala waya wowote. Runinga hununuliwa, uhai hapana. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudishe vifaa.

Ile gadi ya friji inayouzwa madukani ina kazi yake: hukata stima inapopanda au kushuka kupita kiasi, na stima ikirudi huichelewesha dakika chache ili kompresa isishtuliwe. Inunue, lakini usiitegemee kwa radi. Ekstensheni yenye matundu mengi nayo hailindi chochote kwa sababu tu ina taa nyekundu.

Kinga ya maana zaidi ni kizuia msukumo kinachofungwa kwenye boksi la swichi kuu. Hicho nacho ni bure bila waya mzuri wa ardhini, ambao mafundi huuita athi, kwa kuwa msukumo lazima upate pa kwenda. Sehemu zenye miamba, kama Ilesi, ufito wa shaba unaofungwa waya huo huenda usizame vya kutosha, ikabidi ziongezwe fito nyingine. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na umtake aipime athi kwa mashine, si kwa macho.

Kuna hatari nyingine isiyo ya radi kabisa, ingawa mara nyingi huja na dhoruba: mti kuangukia laini na kukata waya wa nyutro. Nyumba moja taa hufifia, ya pili hung'aa kupita kiasi, kwa maana volti zinaweza kukaribia 415. Ukiona hivyo, zima swichi kuu papo hapo, piga simu Kenya Power kwa 97771, na usiwashe tena mpaka laini irekebishwe, hata kama jirani ameshawasha.