Kufundisha Adabu ya Uwanja wa Ngoma

Kila mwaka, yapata mwezi wa Juni, watu wa Mwanza na wilaya za jirani hukusanyika Bujora, karibu na Kisesa, kwa sherehe ya Bulabo. Mahali hapo ndipo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipoanzisha kituo cha kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma: wachezaji wa bugobogobo huruka na majembe yao, nao Bayeye hucheza na chatu. Miongoni mwa watazamaji wamo wanafunzi wetu.

Yafaa mwalimu aelewe desturi ya mashindano hayo. Kwa jadi, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Mtazamaji ndiye mwamuzi, naye huamua kwa miguu yake. Basi umati unapohama kwa ghafla, mtoto mdogo aweza kuangushwa na kukanyagwa. Kumwambia tu asisukumane na wenzake hakutoshi. Adabu ya uwanjani hujengwa kwa mazoezi, kabla ya siku yenyewe.

SOMO: Darasa la Nne, dakika 40, uwanjani.

Vifaa: ngoma mbili, majivu, filimbi.

Hatua ya 1. Chora kwa majivu maduara mawili, hatua 20 baina yake. Vikundi viwili vicheze. Wengine watazame na kuhamia wapendapo. Baada ya muda piga filimbi, uulize: Nani hakuona? Nani alisukumwa? Nani aliachwa nyuma?

Hatua ya 2. Wanafunzi watunge kanuni zao wenyewe. Yaelekea watasema wafupi waketi mbele, njia iachwe wazi, mwenye kutembea kwa shida apewe nafasi kwanza, na mtu asivuke mstari penye majembe au nyoka. Zoezi lirudiwe kwa kanuni hizo.

Hatua ya 3. Tangu zamani Bagika na Bagalu huimbiana kejeli, nayo ni sehemu ya utamu wa ngoma. Wanafunzi watunge kejeli zao, kisha wazipime. Kejeli ya ushindani yagusa uchezaji. Tusi lagusa umbile, kabila au ulemavu wa mtu. Mtoto wa Kikerewe au wa Kihaya acheke pamoja na wenzake, asichekwe.

Hatua ya 4. Wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Kila mmoja ajue mwenziwe, mahali pa kukutania, na mtu mzima wa kumwendea. Katika miaka ya 2000, watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa walishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina. Kwa hiyo mpango huu usilegezwe hata kidogo. Lakini uwahusu wanafunzi wote, ili mtoto mwenye ualbino alindwe pasipo kutengwa. Yeye apewe pia kofia na nafasi kivulini.

Tathmini. Usiwatake wanafunzi wakariri kanuni. Baada ya juma moja rudia zoezi bila kuwakumbusha, utazame miguu yao: je, walipohama, yule mdogo kuliko wote alifika pamoja nao?

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi: Andaa somo kama hili kwa ajili ya ngoma ya mahali utakapofanyia mazoezi ya kufundisha. Kwanza waulize wazee jinsi mshindi apatikanavyo, kwani hapo ndipo utakapojua umati utaelekea wapi.