Mfumo Umegoma? Vidokezo 7 kwa Wachapakazi wa Kilosa na Mikumi

Unaijua picha hii: ofisi iko Mikumi, benchi limejaa, na kile kiduara cha bluu kinazunguka kwenye kioo kama feni. "Mfumo uko chini," unatangaza, na benchi zima linaguna. Pole! Ila tuambizane ukweli: mara nyingi mfumo uko salama salimini huko Dodoma au Dar es Salaam, kilichokwama ni safari. Kompyuta yako ni dirisha la kaunta tu. Ghala lenyewe ni mashine kubwa iliyo mbali, na kati yenu kuna barabara. Habari njema ni kwamba kipande cha barabara hiyo kiko mikononi mwako. Twende, foleni inasubiri!

1. Anzia mezani, usianzie Dodoma

Siku moja nililaumu mkongo nusu saa nzima, kumbe kuna aliyechomoa ruta ili achaji simu. Usicheke, yatakukuta! Fungua dirisha la amri (tafuta cmd kwenye Windows), andika ping, ruka nafasi, kisha andika anwani ya ruta. Mara nyingi imeandikwa kwenye stika chini yake. Ikijibu, jaribu ya nje: ping 8.8.8.8. Ruta ikijibu na nje kukawa kimya, mpigie mtoa huduma. Nje kukijibu lakini mfumo bado umenuna, hapo sasa una haki ya kutangaza kwamba uko chini.

2. Jaza kwanza, tuma baadaye

Mwaka 1971 IBM ilitoa kioo na kibodi viitwavyo 3270, vya kuzungumza na kompyuta kuu. Karani alijaza fomu yote palepale mezani, kisha akabonyeza Enter mara moja. Hapo ndipo maandishi yalisafiri, tena yale tu aliyoyagusa. Laini za simu za enzi hizo zilikuwa dhaifu, na ujanja huo uliziokoa. Uibe! Maelezo marefu yaandike kwenye Word au Excel, kisha yabandike kwenye mfumo. Na kabla ya kutuma chochote ulichoandika mtandaoni, piga Ctrl+A halafu Ctrl+C. Mtandao ukikata, kazi yako bado unayo mkononi.

3. Bonyeza mara moja, halafu tulia

Umebonyeza "Tuma", hakuna jibu. Kidole kinawasha, sivyo? Kizuie. Huenda ombi lako limefika zamani na ni jibu ndilo lililopotea njiani; ukirudia, unaweza kutengeneza bili mbili kwa mteja mmoja. Tangu 2017 malipo ya Serikali yanapita kwenye mfumo wa GePG, wenye zile namba za malipo zinazoanza na 99. Basi kabla ya kumpa mama wa watu namba nyingine, tazama kwanza hali ya ile ya mwanzo. Dakika mbili za subira ni nafuu kuliko wiki mbili za kusuluhisha hesabu.

4. Upana wa barabara sio mwendo wa gari

Barabara kuu inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, kibao kinakwambia 50. Hata ingepanuliwa njia kumi, bado ungetambaa na twiga wakikutazama. Mtandao nao uko hivyohivyo: bando kubwa halifupishi safari. Loji inayotumia setilaiti ya kilomita 36,000 juu ya dunia inasubiri swali lipande na kushuka, kisha jibu nalo lipande na kushuka: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde kwa kila mbofyo, hata bila foleni. Kazi za kubofyabofya zipeleke kwenye faiba au laini ya simu. Setilaiti iachie mafaili makubwa.

5. Gawa kwa 8, utaelewa

Mtoa huduma anahesabu megabiti, faili lako linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ripoti ya megabaiti 25 kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itachukua sekunde 100, ukiwa peke yako. Je, uko peke yako? Windows nayo inajipakulia masasisho kimyakimya! Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, washa kitufe kilichoandikwa Metered connection, na masasisho mengi yatasubiri. Picha za kuambatisha zipunguze ukubwa kwanza. Risiti haihitaji kung'aa kama picha ya harusi.

6. Uwe na njia ya pili

Kilosa haihitaji kufundishwa hili. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisomba reli ya kati, na treni zikakwama. Mkongo wa Taifa ulijengwa kwa mizunguko kwa sababu hiyohiyo: ukikatika upande huu, data inageukia upande wa pili. Wewe nunua laini ya kampuni nyingine na uijaribu kabla ya shida. Lakini angalia: kampuni mbili zinaweza kupanga kwenye mnara mmoja. Siku moja zikififia zote kwa pamoja, umepata jibu. Tafuta ya tatu.

7. Wahi, na uage unapotoka

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na siku hiyo halmashauri nchi nzima zinagombea mlango mmoja. Tuma wiki moja kabla, saa moja na nusu asubuhi, uone raha. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kutoka. Usifunge dirisha tu. Ukiondoka kimya, seva inaweza kudhani bado umekaa, na mwenzako akakuta kumbukumbu aliyoitaka imefungwa.

Tumetoka mbali, jamani. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta. Leo mashine kuu inafika mpaka mezani kwako Mikumi. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, chukua karatasi na kalamu nene, andika USICHOMOE, kisha ibandike juu ya plagi ya ruta. Huo ndio ushindi wako wa kwanza, na haujakugharimu hata shilingi!