Siku Tatu za Mwisho wa Mwezi

Mimba haitungwi siku yoyote ile. Katika kila mzunguko wa hedhi, siku za kushika mimba ni kama 6 tu: 5 kabla ya yai kupevuka, na siku yenyewe linapopevuka. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5.

Mwanamke wa miaka 24 wa Hadado, Kaunti ya Wajir, ameandika kwa kirefu juu ya miaka miwili ya ndoa bila mtoto, mitishamba aliyonyweshwa, na mama mkwe anayemtafutia mwanawe mke wa pili. Kiini cha taabu yake kimo katika sentensi moja: mume ameajiriwa dukani Garissa, huja mwisho wa mwezi akishalipwa mshahara, hukaa siku 3, “na karibu kila mara hunikuta hedhini.”

Mzunguko wake ni wa siku 30, kwa hiyo hedhi hufuatana na mwezi na mshahara pamoja. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani kwake siku ya 16 hivi. Hedhi ikianza tarehe 28 au 30, siku zake za kushika mimba huangukia kati ya tarehe 8 na 15. Siku hizo mume yuko Garissa, mbali na nyumbani. Miaka miwili hiyo, basi, haijawa majaribio ya miaka miwili, na kumwita mwanamke huyo tasa ni dhuluma. Mitishamba haiwezi kuziba pengo la mume asiyekuwapo.

Hesabu si ngeni kwake. Mwanamke anayehesabu siku za hedhi kwa ajili ya swala na kulipa saumu ya Ramadhani anayo kalenda tayari. Aongeze dalili moja: ute wa ukeni unapokuwa mwangavu na wa kuvutika kama ute wa yai bichi, siku zimefika. Mume aombe likizo yake iwe katika wiki ya pili ya mwezi, au mke amfuate Garissa kwa wiki hiyo. Kukutana kila siku au siku moja baada ya nyingine kunatosha. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ianzwe kabla ya mimba.

Kwa wengine kalenda pekee haitoshi: aliyeshonwa alipokeketwa, au anayeumia katika tendo la ndoa, amwone daktari mapema, wala asione haya.

Mume naye apimwe sasa, kabla ya posa yoyote. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo la uzazi, upande wa mwanamume unahusika. Mke wa pili akiachwa Hadado kwa ratiba ileile atangoja vilevile. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu; huhitaji siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kisha sampuli ipelekwe maabara.