Dondoo Muhimu: Kwa Anayeazimia Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Rasilimali Watu

• Kabla hujalipa ada, hakikisha kwamba chuo na programu yenyewe vina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwani shahada isiyotambulika haimfai mwenyewe, hata akiwa ameisomea kwa juhudi.

• Isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu kwa kifungu, hata masharti yake, mathalani ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, yakukae kichwani.

• Durusu hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, utazame jinsi mwajiri mwenye sababu halali ya kumwachisha mtu kazi anavyoshindwa kwa kuwa hakufuata utaratibu wa haki, wala hakumpa mtuhumiwa wasaa wa kujitetea.

• Mada ya tasnifu ichague mapema, na kibali cha kuingia ofisi za watu kwa ajili ya utafiti wake kiombe kwa maandishi.

• Majalada ya watumishi utakayoonyeshwa ni amana: asiyeweza kuzihifadhi siri za wenzake, fani hii si yake.