Ufunguo wa Gari la Kikundi

Somo la safari hii linahusu vile vikundi ambavyo vimefika hatua ya kununua gari la biashara, pamoja na vile vinavyoweka akiba kwa nia hiyo.

Kikundi kimoja cha Kayole kilinunua Toyota ya mizigo ya mkono wa pili, ya kubebea mboga na viazi hadi vibanda vya wanachama. Kila alfajiri dereva alipitia nyumbani kwa mama mweka hazina kuchukua ufunguo. Jumatatu moja gari likakataa. Stata inazunguka vizuri, injini inashika kidogo halafu inazima. Wakaita fundi, akabadilisha pampu ya mafuta. Wapi! Fundi wa pili akasema ni kompyuta ya injini imeungua, watoe shilingi 35,000. Kufikia jioni watu walikuwa wameacha kuzungumza juu ya gari. Walikuwa wakisema, "Si mama ndiye analala na ufunguo? Tumuulize ameupatia nani."

Sisi tuliitwa kusuluhisha ugomvi. Kwa bahati alikuwepo mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi, naye akauliza, "Ufunguo huu ulichongwa wapi?" Kimya. Ndipo mwenyekiti akakubali kwamba Jumamosi aliuchukua ule wa mama kwa muda mfupi, akachongewa mwingine kando ya barabara, ili dereva awe na wake. Tukatuma kijana akalete ule wa zamani. Gari likawaka mara moja. Pesa za pampu hazikurudi, na kumwomba mama yule radhi kulichukua mikutano miwili.

Tuone sasa sababu. Magari mengi ya siku hizi yana kinga ya wizi inayoitwa imobilaiza. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliifanya kuwa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele au kidogo zaidi. Kuzunguka pale unapotia ufunguo pana koili ya waya. Ukifungua swichi, koili inaipa chipu nguvu, chipu inataja namba yake, na kompyuta ya gari inaangalia kama namba hiyo imeandikishwa. Kama haimo, injini hainyimwi stata lazima, lakini hunyimwa mafuta au moto wa plagi. Kwa hiyo chuma kilichochongwa vizuri kitafungua mlango na kuzungusha swichi, na bado gari lisiende. Magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kinga hii kabisa, basi chunguzeni lenu kwanza.

Gari likikataa, msikimbilie fundi. Tazameni dashibodi. Kwa magari mengi kuna taa ndogo yenye picha ya gari au ufunguo, ambayo humeta gari likiwa limefungwa. Hiyo ni kawaida. Ukitia ufunguo na kufungua swichi, inatakiwa izime. Ikiendelea kumeta au kuwaka, gari halijautambua ufunguo. Utoeni kwenye kishikio chake, kwa maana ufunguo mwingine wenye chipu ukining'inia pamoja nao unaweza kuvuruga usomaji. Jaribuni ule wa pili kama mnao. Pimeni betri ya gari pia: umeme ukishuka sana kompyuta hukosea, na lawama huangukia ufunguo bure.

Watu wengi huchanganya rimoti na chipu. Betri ya rimoti ikiisha, milango haitafunguka kwa kubonyeza, lakini ufunguo wa chuma wenye chipu bado utawasha gari, maana chipu haitumii betri hiyo. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, betri ikiisha, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki. Toyota nyingi za namna hiyo huwaka hivyo. Na kama gari lina deni, ulizeni aliyewakopesha: baadhi ya wakopeshaji hufunga kifaa cha kulifuatilia gari ambacho kinaweza kulizima kutoka mbali. Hapo hakuna fundi wa kuwasaidia.

Jambo kubwa tunalotaka kulitilia mkazo ni ufunguo wa pili. Magari kutoka Japani mara nyingi hufika na ufunguo mmoja tu. Mkiwa na mmoja unaofanya kazi, kuandikisha mwingine ni kazi ya muda mfupi. Ukipotea huo mmoja, gharama hupanda sana, na kwa Toyota nyingi za zamani ililazimu kubadilisha au kuandika upya kompyuta nzima. Afadhali mchange sasa, hata kabla ya kununua redio ya gari!

Siku ya kuandikisha, waende watu wawili, wakiwa na logibuku, kitambulisho na barua ya kikundi. Fundi asiyeuliza karatasi hizo tunamwogopa, kwa sababu atamfanyia mwizi vilevile. Mwambieni aonyeshe ni funguo ngapi zimo kwenye kumbukumbu ya gari, na afute zilizopotea. Akisema ni rahisi kuitoa imobilaiza kabisa, kataeni. Gari litawaka, ndiyo, lakini litawaka kwa yeyote atakayevunja swichi, na bima ikija kuuliza mtajibu nini?

Maswali ya kujadili kikundini: Funguo za gari letu ni ngapi, na kila mmoja uko kwa nani usiku huu? Nani ana ruhusa ya kuchonga mwingine, na hilo limeandikwa wapi? Logibuku iko kwa jina la nani? Je, kuna mtu tuliyemshuku kwa kitu kilichoharibika kabla hatujajua kilivyoharibika?