Vifaru Vyangu vya Plastiki

Boksi langu la kwanza lilivuka mpaka wa Petite Barrière mwaka 2018, likiwa kwapani mwangu, kutoka Goma. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuwa akiuza kila kitu, kuanzia jokofu hadi vijiko, na mimi macho yakatua kwenye boksi lenye picha ya kifaru cha Kijerumani kikitimua vumbi.

"Umebeba nini humo?" afande akaniuliza.

"Kifaru, afande."

Foleni nzima ikanyamaza. Ilibidi nilifungue palepale mezani, na ndipo mimi mwenyewe nilipoona kwa mara ya kwanza nilichokuwa nimenunua.

Tangu siku ile nimenunua seti kumi na moja za kuunda vifaru vya plastiki, nimemaliza nne. Mengi ya haya yafuatayo kuhusu kuchagua seti nimefundishwa na zile saba zilizobaki.

1. Fungua boksi kabla ya kutoa hela

Picha ya juu kaichora msanii. Plastiki ya ndani imetoka kwenye kalibu, na kalibu huzeeka. Seti za kalibu za miaka ya 70 hubadilishiwa boksi, zikaendelea kuuzwa kama zimetoka kiwandani jana. Changu kilikuwa na matundu tumboni ambayo hakuna kifaru cha kweli kilichowahi kuwa nayo. Baadaye nikaja kuelewa: zamani modeli hizi zilitiwa mota na betri, na matundu yale yalikuwa ya swichi na skrubu. Hata kipimo cha 1/35 (sehemu moja ya 35 ya urefu wa kifaru cha kweli), ambacho leo kimekuwa kama sheria, kilizaliwa na betri. Tamiya wa Shizuoka, Japani, walipotengeneza modeli yao ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 60, waliukadiria mwili wake ili betri zienee ndani. Walipokuja kupima, wakakuta ni kama 1/35. Dunia ikafuata.

Kwa hiyo tazama tumbo kwanza. Kisha pitisha kidole pembeni mwa gurudumu. Ukigusa utando mwembamba wa plastiki, kama uji wa kitumbua uliofurika nje ya tundu la kikaango, ujue kalibu imechoka, na jioni zako zote utazimaliza na msasa.

2. Tafuta gundi kwanza, kifaru baadaye

Gundi ya kazi hii haibandiki, inayeyusha. Inalainisha plastiki pande mbili, zikaungana zikawa kitu kimoja. Tatizo ni kwamba inashika moto upesi na haipandishwi ndege kienyeji, hivyo shemeji yangu aliyeko Brussels akija huleta boksi na kuacha chupa. Nikajifanya mjanja, nikachukua dawa ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha. Ile ni asetoni. Ubavu wa kushoto wa kifaru changu cha Panzer IV ulilegea kama ugali uliomwagiwa maji, na alama ya dole gumba langu ipo pale hadi leo, mistari yote inaonekana.

Nikarudi kwenye gundi ya matone, ile ya kubandikia viatu. Inashika kabla hujapepesa jicho na inaacha ukungu mweupe pembeni. Ukikosea, umekosea. Ndiyo maana sasa nachagua seti ambazo vipande vyake vina vijino na matundu yake, vikaingiana na kusimama vyenyewe kabla hata ya gundi. Aliye jirani na duka la modeli anaweza kununua seti yenye vipande vya kushikilia kwa dakika tano. Mimi niko Gisenyi, Rwanda.

3. Wingi wa vipande si ubora

Tiger I, kifaru kingine cha Kijerumani, ilikuwa na ekseli nane kila upande, na zile za awali zilibeba magurudumu matatu kwenye kila ekseli, yakapishana kama magamba ya samaki. Magurudumu arobaini na nane ya kukata, kusugua na kupaka rangi. Ongeza mnyororo: pingili 96 kila upande. Seti nyingine zinakupa kila pingili peke yake, tena na injini ndani, na risasi moja moja rafuni, vitu ambavyo ukishafunga kichwa cha kifaru hakuna atakayeviona tena, hata wewe. Niliinunua moja ya namna hiyo kwa tamaa. Nilifika pingili ya 31.

Tiger ya Tamiya ya mwaka 1997 ina minyororo laini ya kuzungushia, wakali wanaicheka, na ni mojawapo ya zile nne nilizomaliza.

4. Ujue mwezi wa kifaru chako

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo watu wanapotapeliwa na picha.

Jirani yangu, mzee aliyefundisha historia, aliwahi kuniuliza kwa nini nisiunde kifaru walichotumia Wajerumani hapa kwetu. Swali zuri. Wajerumani walikuwa hapa, na kuanzia 1914 Kapteni Max Wintgens alipambana na Wabelgiji kwenye mpaka huuhuu mpaka alipoondoka 1916. Mwezi Septemba 1914 waliteka hata kisiwa cha Idjwi. Lakini walikuwa na bunduki, mizinga michache na wapagazi. Kifaru chao cha kwanza, A7V, kiliingia vitani Machi 1918 huko Ufaransa, na vya kupigana vilitengenezwa ishirini tu. Kimoja ndicho kilichobaki duniani, kinaitwa Mephisto, na kiko Brisbane, Australia.

"Kwa hiyo Afrika hawakuleta?" mzee akasisitiza.

"Walileta, mzee, ila vita vya pili, na kaskazini."

Tiger zilishuka Tunisia mwishoni mwa 1942. Mojawapo, namba 131, ilitekwa na Waingereza Aprili 1943. Iko kwenye jumba la makumbusho la Bovington na bado inanguruma siku za maonyesho. Nikaamua ndiyo hiyo. Ndipo nikagundua kwamba boksi lililoandikwa "Tiger I" halijasema kitu. Tiger ya Tunisia ina mabomba manene ya kuchuja hewa mgongoni kwa sababu ya vumbi. Haina ule upako wenye matuta wa kuzuia mabomu ya sumaku, zimmerit, kwa kuwa ulianza kupakwa viwandani baada ya Tunisia kuanguka Mei 1943. Magurudumu yake yana mpira ukingoni. Yale ya chuma yalikuja 1944. Seti niliyokaribia kuilipia ilikuwa na upako na magurudumu ya chuma, na mchanga wa jangwa kwenye picha. Msanii alipenda mchanga.

5. Karatasi ya alama

Si kila alama iliyomo lazima ibandikwe. Nchi yenye historia kama yetu haihitaji maelezo marefu juu ya hili. Nabandika namba na misalaba, nyingine naziacha kwenye karatasi.

6. Jina lisikudanganye

Nilinunua Nashorn kwa sababu jina lake kwa Kijerumani ni kifaru, yule mwenye pembe. Kifaru kiitwacho Kifaru! Kumbe si kifaru: ni mzinga wa milimita 88 juu ya gari la minyororo, wazi juu, askari wananyeshewa mvua. Kiko kwenye zile saba.

7. Pima rafu yako, na ardhi yako

Tiger kwa 1/35 ina sentimita 24 pamoja na mtutu. Kwa 1/72 haifiki 12. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku kadhaa, kuta zikapasuka mjini. Panther yangu ilianguka kutoka juu ya kabati. Plastiki ilipona. Vipande vya shaba nyembamba nilivyoviongeza kwa bei ya kifaru kingine vilitapakaa sakafuni, na kuku wa jirani akaondoka na kimoja.

8. Tazama mdomo wa mtutu

Seti nzuri huwa na mdomo ulio wazi tayari. Nyingine mdomo wake umeziba, na unautoboa mwenyewe kwa sindano iliyopashwa moto, taratibu, katikati kabisa. Nilikuwa nakataa seti kwa kosa hilo tu.

Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabomu yalivuka mpaka yakaua watu mjini kwetu. Mpwa wangu wa miaka sita alilala kwetu wiki ile. Asubuhi moja nikamkuta kasimama mbele ya kabati, mikono nyuma.

"Mjomba, na hiki kinapiga mpaka huku?"

Ilikuwa Tiger ya Tunisia, ambayo sikuwa nimeimaliza. Nikaishusha, nikamwonyesha mtutu kwa mbele. Akaweka kidole pale, akakuta plastiki tupu. Sindano ninayo, iko kwenye kopo la brashi. Ule mtutu sijautoboa.