SOMO LA NDOA: Mume na Mke Kwenda Sinema

Soma kwanza: Mwanzo 2:18–24, Mathayo 1:18–25, Mhubiri 4:9–12



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lisilotajwa sana katika masomo ya ndoa, nalo ni mume na mke kutoka jioni, wawili tu, kwenda kuangalia picha. Wengine watauliza sinema ina uhusiano gani na Kanisa. Tunawaomba watuvumilie mpaka mwisho wa somo. Sisi tunaoandika ni mume na mke. Tulifunga ndoa mwaka 1978, na kwa miaka mingi tumesaidia kuwafundisha vijana wa mtaa wetu wanaojiandaa kwa ndoa. Desturi hii tumeishika tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa hiyo hatusemi ya kusikia.

1. KWA NINI WAWILI WATOKE

Katika Mwanzo sura ya pili, kabla hazijatajwa habari za watoto, Mungu aliona kwamba haifai mtu awe peke yake, akampa mwenzi. Urafiki wa mume na mke ulitangulia malezi. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ndoa zetu za Kianglikana zimejengwa juu yake, chataja sababu tatu za kuwekwa ndoa. Ya kwanza ni watoto, ya pili ni kuepukana na uasherati, na ya tatu ni kwamba mume na mke wawe wenzi wa kusaidiana na kufarijiana, katika raha na katika taabu. Sababu mbili za kwanza twazihubiri mara kwa mara. Ya tatu twaisikia siku ya arusi, kisha twaiacha kanisani pamoja na maua.

Yatazameni maisha yetu. Akizaliwa mtoto wa kwanza, mume haitwi tena kwa jina lake, bali ni Baba Rehema. Na mke ni Mama Rehema. Hiyo ni heshima na hatuikatai. Lakini mara nyingi mazungumzo nayo hugeuka yakafuata jina. Baba Rehema na Mama Rehema husemezana juu ya ada ya shule, unga, bati la jikoni linalovuja, na mgonjwa aliyeko kijijini. Siku moja mama yuko Umoja wa Akina Mama, siku ya pili baba yuko kwenye kamati ya ujenzi, siku ya tatu ni mazoezi ya kwaya. Jumamosi baba huenda kutazama mpira na wenzake. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Lakini miaka ishirini na mitano ikipita, mtoto wa mwisho akiondoka nyumbani, watu wawili hukaa mezani wakitazamana kama abiria wa basi moja.

Tumewapokea watu wa namna hiyo. Hawaji kwa sababu ya kipigo wala ulevi wala hawara. Huja kwa sababu hawana la kuambiana, na kila mmoja anaogopa kumwambia mwenzake hivyo. Hilo ndilo linalotufanya tuandike somo hili.

2. SINEMA KATIKA NCHI YETU

Wako wanaodhani kutoka pamoja ni mambo ya wageni yaliyoletwa na televisheni juzi. Sivyo. Unguja jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na katika miaka iliyofuata watu wa pwani walizoea kuvaa vizuri na kwenda kuangalia picha jamaa nzima. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao pia, ili akina mama waingie kwa heshima. Dar es Salaam yalikuwapo majumba ya Empire, Avalon, Empress na mengineyo, na mwaka 1966 ilifunguliwa Drive-In, ambapo watu waliangalia picha wakiwa ndani ya magari. Jumba lenyewe halipo tena, lakini jina lake limebaki.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo aliyetaka kuona picha alitoka nyumbani, akapanga foleni, akakata tiketi, akakaa na watu wengine gizani. Kisha zikaja kanda za video, na baadaye televisheni na simu, na majumba mengi yakafungwa au yakageuzwa maghala na maduka. Siku hizi katika miji mikubwa ziko kumbi ndogo ndani ya majengo ya maduka. Picha zimekaribia mno, hata mtu aweza kutazama peke yake kitandani, mwenzake amelala kando yake. Kilichopungua ni kutoka pamoja na kurudi pamoja.

3. MFANO WA KWANZA: HAKIMU ASIYEULIZA

Wazee wengi wanaikumbuka picha ya Kihindi iitwayo Awara, iliyotoka mwaka 1951. Stelingi wake alikuwa Raj Kapoor, na mwenzake Nargis. Tulipoiona sisi ilikuwa imekwisha kuwa picha ya zamani, lakini jumba lilikuwa limejaa. Vijana waipenda kwa nyimbo zake. Sisi tunaitaja kwa sababu ya jambo linalotokea mwanzoni mwake.

Hakimu mmoja, mtu wa heshima, mkewe anatekwa na mnyang'anyi mwenye kisasi. Mnyang'anyi anapogundua kwamba yule mama ni mjamzito, anamrudisha bila kumdhuru. Lakini maneno ya watu yanaanza. Je, mimba ile ni ya nani? Hakimu anayasikia maneno, moyo wake unaingia sumu, naye anamfukuza mkewe usiku wa mvua. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika umaskini, anafundishwa wizi na mnyang'anyi yule yule. Mwishowe anasimama mahakamani kushtakiwa, na baba yake hamjui. Anayemtetea ni mwanamke wakili, Rita, aliyelelewa na hakimu huyo. Hakimu aliyesikiliza mashahidi maisha yake yote hakumpa mkewe nafasi ya kusema.

Njiani kurudi nyumbani, mke katika sisi aliuliza, "Ungekuwa wewe, ungeniuliza mimi kwanza, au ungewasikiliza majirani?" Mume hakujibu upesi. Tulitembea mpaka kituo cha basi tukizungumza juu ya hakimu, halafu juu ya shemeji wa hakimu, halafu juu ya jamaa zetu wenyewe na maneno yao. Kama swali hilo lingeulizwa jikoni siku ya kawaida, lingekuwa shitaka, na shitaka hujibiwa kwa hasira. Kwa kuwa tulikuwa tukisema habari za hakimu wa Bombay, tuliweza kusema habari zetu bila kuumizana.

Sasa fungueni Mathayo 1:18–25. Yusufu naye alimkuta mchumba wake ana mimba asiyoijua asili yake. Maandiko yamwita mwenye haki. Hakupiga kelele mtaani, aliwaza kumwacha kwa siri asije akamwaibisha, na alipoelezwa ukweli na malaika alitii, akamchukua mkewe. Wawekeni watu hawa wawili pamoja, hakimu na seremala. Wote walipatwa na mashaka. Mmoja alizijua sheria zote lakini akafuata maneno ya watu. Mwingine alinyamaza mpaka akasikia neno la Mungu.

4. MFANO WA PILI: MWANAMKE ALIYEKWENDA PEKE YAKE

Picha ya pili ni ya Kiingereza, Brief Encounter ya mwaka 1945, iliyoongozwa na David Lean. Ndani yake yumo mke mmoja ambaye kila Alhamisi hupanda treni kwenda mji wa jirani, akanunua mahitaji, kisha akaingia sinema. Mumewe ni mtu mwema na mpole. Jioni hukaa na gazeti lake akijaza chemshabongo. Siku moja kituoni kipande cha makaa kinamwingia mama huyo jichoni, na daktari mmoja anamtoa. Daktari naye ana mke. Wanaanza kuonana, wanakwenda sinema pamoja, wanacheka pamoja, na penzi linaota. Mwishowe wanaachana kwa uchungu, naye anarudi kwa mumewe, ambaye anatambua kwamba mkewe alikuwa mbali sana.

Hatumtetei mama huyo. Ahadi ya ndoa ni ahadi. Lakini tunauliza: je, ile Alhamisi ilikuwa ya nani? Kama mume angeliacha gazeti lake mara moja kwa mwezi na kukata tiketi mbili, kiti cha pili kisingalikuwa wazi. Akina baba, tusijidanganye kwamba mke aliyenyamaza ameridhika. Na akina mama, msingoje mpaka mume asome mawazo yenu. Semeni mapema kwamba mnatamani kutoka.

5. JE, NI VEMA MKRISTO KWENDA SINEMA?

Baadhi ya wazee wetu wa wakati wa Uamsho waliliona jumba la sinema kuwa nyumba ya dunia, na hawakuingia kabisa. Tunaiheshimu dhamiri yao. Picha nyingi zafundisha kisasi, uzinzi na tamaa ya fedha, na hatusemi mtu aingie bila kuchagua. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 10:23 afundisha kwamba si kila lililo ruhusa hujenga. Basi kipimo chetu na kiwe hicho. Baada ya picha hii, je, tutaweza kutazamana usoni na kuzungumza? Ikiwa picha itamtia mke aibu au mume uchafu wa mawazo, iacheni. Na kama dhamiri ya mmoja wenu inakataa sinema kabisa, asilazimishwe. Tembeeni ufukoni au mtoni, kwa maana shabaha yetu ni ule ushirika wa wawili.

6. NAMNA YA KUFANYA

Chagueni siku na kuiheshimu. Sisi tulichagua Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku isiyo na jina huliwa na shughuli nyingine.

Tengeni fedha mapema. Nauli, tiketi mbili na soda mbili si fedha kidogo kwa watu wa mshahara mdogo, kwa hiyo wekeni akiba kidogo kidogo. Wengine wataweza mara moja kwa miezi mitatu, nao wasione haya. Lakini msikope kwa ajili ya starehe.

Watafutieni watoto mtu wa kuwaangalia. Kama bibi au shangazi hayupo, pataneni na jamaa nyingine ya kanisani: leo wao wanakaa na watoto wenu, wiki ijayo ninyi mnakaa na wao. Wasio na gari waende onyesho la mchana, warudi kabla giza halijawa kubwa.

Mchague kwa zamu. Mwezi huu baba achague picha ya vita, mwezi ujao mama achague ya mapenzi. Kukaa saa mbili mbele ya picha usiyoipenda, bila kunung'unika, ni njia mojawapo ya kumpenda jirani yako, na jirani wa kwanza ni yule mnayelala naye chumba kimoja. Simu zizimwe.

Rudini polepole. Hili ndilo kubwa. Msikimbilie nyumbani. Ulizaneni, "Yupi alikuhuzunisha? Wewe ungefanyaje?" Ada na unga vingoje mpaka kesho.

Palipo mbali na mji hapana jumba, nasi twajua wasomaji wetu wengi wako huko. Basi watoto wakiisha kulala, kaeni ukumbini mbele ya televisheni, au hata simu moja iegemezwe juu ya meza, mwangalie picha moja mpaka mwisho. Kisha tokeni barazani mzungumze. Wasio na umeme wala simu waweza kusimuliana hadithi, kama babu zetu walivyofanya.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

(a) Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlipozungumza kwa saa nzima bila kutaja watoto, fedha wala wagonjwa?

(b) Kwa nini hakimu katika Awara alisikiliza watu wa nje kuliko mkewe? Je, katika mtaa wetu ni maneno ya nani yanayovunja nyumba?

(c) Linganisheni hakimu na Yusufu. Mume mwenye mashaka afanye nini kwanza?

(d) Shughuli za kanisa zinawakutanisha mume na mke, au zinawatenga? Halmashauri ya mtaa ifanye nini?

(e) Someni Mhubiri 4:9–12. Mmoja akianguka, mwenziwe atajuaje kama hawazungumzi?

KAZI YA MWEZI

Kila mume na mke wachague jioni moja kabla ya toleo lijalo, waiandike kwenye kalenda ya nyumbani mahali watoto wataiona. Ni vizuri watoto wajue kwamba baba na mama wana siku yao. Waliofiwa na wenzi wao tunawakumbuka kwa upendo. Ninyi mwaweza kuwasaidia vijana kwa kukaa na watoto wao jioni hiyo, na kuwasimulia wakirudi jinsi mlivyoishi na wenzi wenu. Na wale ambao wamekaa kimya nyumbani kwa muda mrefu, wasiogope ikiwa jioni ya kwanza maneno yatakuwa machache. Semeni habari za picha mliyoiona. Mwezi ujao mtakuwa na mengi zaidi.

Mungu aliyewaunganisha awape neno la kuambiana.